ANA SAA 37 NA BADO ANACHELEWA!

Mbagala Charambe kuna mshkaji mmoja ana saa za mkononi 37, na hakuna mtu anayekumbuka lini alifika mahali kwa wakati. Washkaji zake wakipanga kukutana saa kumi, yeye wanamwambia saa tisa. Anatokea saa kumi na nusu, mkono wa kushoto saa, mkono wa kulia saa, anacheka.

Usidhani ni mtu wa mkwanja. Ana miaka 26, anauza kava na chaja za simu pale Rangi Tatu. Hizo saa zote ukizipanga chini hazifiki bei ya simu moja kali. Anazitunza kwenye maboksi mawili ya viatu chini ya kitanda, na kati ya hizo zinazotembea ni 11 tu.

Ukimtembelea lazima akufungulie maboksi. Kuna Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo karibu kila mtu mtaani ameshaivaa. Imetoka mwaka 1989 na mpaka leo inatengenezwa, betri moja inaenda kama miaka 7. Atakuonyesha na namna ya kuijua: bonyeza kile kitufe cha kulia, kishikilie kama sekunde tatu, kioo kinaandika CASIO. Feki nyingi zinabaki kimya.

Kuna ya kikokotoo yenye vibonyezo vidogo kama punje za mchele. Kuna yenye picha ya Obama, aliinunua Julai 2013 Obama alipokuja Dar. Kuna inayoadhini. Kuna "Rolex" ya buku tano, mshale wa sekunde unaruka tik tik tik wakati Rolex orijino mshale wake unateleza. Kuna ya dhahabu iliyomgeuza mkono rangi ya kijani. Na kuna saa janja inayohesabu hatua hata akiwa amekaa kwenye bodaboda, siku moja ilimpongeza kwa mazoezi.

Kwenye boksi la pili kuna saa ya mtoto, ya plastiki, ina katuni, mkanda umekatika. Hii mzee wake alimnunulia Sabasaba. Aprili 29, 2009, siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, alikuwa na miaka 10. Watoto walikimbia hovyo na Barabara ya Kilwa, kila mmoja na njia yake. Mkanda ulikatika njiani, saa akaishika kiganjani mpaka Mtongani, akakaa nje ya duka la watu wasiojuana naye.

Mzee wake alimtafuta tangu mchana. Alimpata giza linaanza kuingia. Hakupiga kelele, hakulia. Alimkagua mikono na miguu, akaangalia saa yake mwenyewe, akasema, "Haya, leo imeshaisha. Twende kwa shangazi yako Keko." Jamaa anasema maneno hayo hajayasahau. Alijua mzee anaongelea ile siku, ile balaa.

Sasa ile saa ya mzee ndiyo kiini cha stori yenyewe.

Ni Seiko 5, ya chuma, ina siku na tarehe. Seiko 5 zilianza mwaka 1963 na hii haitumii betri, inajijaza yenyewe ukiwa unatembea nayo. Ukiivua siku mbili inalala. Mzee aliivaa miaka yote ya zamu zake kiwandani, na alikuwa na jambo lake moja: aliitega kwa saa za Kiswahili. Mbongo yeyote anajua mchezo, saa inaonyesha 7 sisi tunasoma saa moja. Mzee hakutaka huo usumbufu. Jua likichomoza na kutulia, mshale wake mfupi unakaa kwenye 1. Basi. Alikuwa anasema saa haiwezi ikaonyesha kitu kingine na mdomo ukasema kingine.

Mzee alifariki mwaka 2019. Saa ikabaki kwa kijana. Kila Jumapili asubuhi anaitikisa inaamka, anaitega kwa Kiswahili kama mzee, anashinda nayo. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mpaka tarehe haionekani vizuri, kwa hiyo tarehe hakuishughulikia kabisa.

Mwaka jana akachumbia binti wa Mwananyamala. Binti mpole, ana akili, na ndiye mtu pekee anayemsubiri bila kununa. Wiki moja kabla ya ndugu kwenda kutoa mahari, binti akaona amfanyie jambo. Akaichukua ile Seiko kimya kimya, akaipeleka kwa fundi saa Tandika. Kioo kipya, mkanda umesafishwa, saa imerekebishwa, siku na tarehe sawia. Elfu ishirini na tano ya kwake mwenyewe.

Akamkabidhi kwenye kiboksi, anatabasamu. Jamaa akafungua. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa inaonyesha 9.

Alimaindi vibaya mno. Alimwambia binti wa watu, "Umemuua mzee mara ya pili." Binti hakujibu kitu. Alichukua pochi yake akaondoka, gari mbili mpaka Mwananyamala. Siku tatu simu zinaita hazipokelewi, na shangazi wa Keko anauliza vitenge vya mama mkwe vinunuliwe au visinunuliwe.

Siku ya nne akaenda Tandika kwa fundi. Mzee wa makamo, kameza yenye kioo juu, mwavuli, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

"Shikamoo mzee. Hii saa irudishe ilivyokuwa. Kwa Kiswahili."

"Marahaba. Kurudisha mishale si kazi, kijana. Ila niambie, tarehe unataka ibadilike asubuhi au jioni?"

Jamaa akabaki anamtazama.

Fundi akamweleza taratibu. Saa kama hii inageuza tarehe mishale ikikutana kwenye 12, tena mara moja tu kwa saa 24. Ukiitega kizungu, ile 12 ni usiku wa manane. Ukiitega kwa Kiswahili, 12 ni ya alfajiri au ya magharibi, moja kati ya hizo. "Baba yako alikuwa na yake. Ipi?"

Hakuwa anajua. Mtu mwenye saa 37, mtu aliyemfukuza mchumba kwa ajili ya saa ya baba yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kuangalia siku ya baba yake inaanza wapi.

Hakuitega. Alirudi nayo Charambe akamkuta mama yake anapepeta mchele. Akamuuliza.

"Jioni," mama akasema, hata hakunyanyua kichwa. "Alikuwa anakaa hapo barazani. Adhana ya magharibi ikianza anaangalia mkono, tarehe inageuka. Anasema, 'Haya, leo imeshaisha.' Ndipo anaingia ndani. Kila siku ya Mungu. Wewe ulikuwa unacheza, ungeona saa ngapi?"

Kumbe. Kwa mzee siku mpya iliingia na magharibi, kama wazee wa pwani wanavyohesabu, Alhamisi jua likizama kwao ndio usiku wa Ijumaa. Na yale maneno ya Mtongani hayakuwa ya mabomu. Ni maneno ya kila jioni. Mzee alikuwa amemtafuta mtoto wake mchana kutwa, akampata, akasema tu anachokisema siku zote akiwa anaingia nyumbani kwake.

Jioni ile jamaa alipanda gari mbili mpaka Mwananyamala. Alimkuta binti nje ya kwao na mdogo wake. Aliomba msamaha mbele ya mdogo mtu, wala si pembeni. Akamwambia aliyoyasema mama, halafu akampa saa aitege yeye.

Binti alisubiri. Adhana ya magharibi ilipoanza akazungusha mishale mpaka 12, tarehe ikageuka. Akamvalisha mkononi.

"Na leo umewahi," akamwambia.

Mahari ilipelekwa Jumamosi iliyofuata. Ndugu waliambiwa saa nne. Bwana harusi mtarajiwa aliambiwa saa tatu, kama kawaida.

Wadau, nyumbani kwenu kuna saa ya nani? Na unajua aliitega vipi? Tiririka hapo chini.