Kutoka Tsukuba hadi Ngomeni

Treni ya Akihabara hufika Tsukuba kwa dakika 45 hivi. Kituo cha anga za juu cha Japani hukupokea kwa roketi ya H-II, mita 50, iliyolazwa uwanjani kama jahazi lililopandishwa pwani. Wageni hujazana hapo kupiga picha. Mimi nilikuja kwa ajili ya Chuya Koyama.

Manga yake, Uchu Kyodai, ilianza mwaka 2007 katika jarida la Morning: ndugu wawili waliahidiana utotoni kwenda angani. Mdogo anatangulia. Mkubwa, Mutta, amefukuzwa kazi ya kusanifu magari kwa kumpiga bosi wake kichwa. Wachoraji wengine wangemrusha mwezini upesi. Koyama anampeleka kwenye usaili wa wanaanga, na hana haraka. Kiti cha Mutta kina skrubu iliyolegea, naye anaigundua. Baadaye watu watano watano wanafungiwa chumbani wiki mbili chini ya kamera, na kadi ya kijani inamwamuru mmoja awavuruge wenzake kwa siri. Mwisho wao wenyewe ndio wachague wawili.

Tsukuba wana chumba cha namna hiyo kweli. Mwaka 2009 wagombea kumi walikaa humo wiki nzima, wakakunja korongo wa karatasi, mmoja baada ya mwingine, huku wataalamu wakiangalia kama mikunjo inaharibika uchovu ukizidi. Mmoja wa waliochaguliwa mwaka huo ni Norishige Kanai. Naye alikuwa angani Mei 2018, pale maabara ya Kijapani ya Kibo ilipoachilia setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande. Katika ukumbi wa maonyesho kuna mfano wa Kibo wa ukubwa wake halisi. Niliingia, nikaugusa ukuta, na moyo ulinidunda.

Mkobani nilikuwa na Planetes ya Makoto Yukimura, iliyotoka jarida lilelile kuanzia 1999 hadi 2004. Mashujaa wake ni wazoa taka za angani wa miaka ya 2070. Yukimura naye ana skrubu: moja tu, ikienda kwa kasi ya kutisha, inapiga chombo cha abiria na kumuua mke wa Yuri, mmoja wa wazoa taka hao. Yukimura huniliza mapema. Lakini watu wake hupenda kuhutubia juu ya mapenzi na ulimwengu, na hapo nampa Koyama nafasi ya mbele, kwa sababu anamfuata hata mgombea aliyeshindwa akirudi kwao.

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, hakuna ukumbi wa kuingia bure namna ile. Unasimama ufukweni na wavuvi, unaiona mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi imesimama baharini kwa mbali. Hapa karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Ndiyo maana Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani, ilirushwa hapa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Roketi ya mwisho iliondoka 1988.

Mchoraji mwenye subira ya Koyama angeanzia wapi hapa? Kwa nahodha wa boti ya kuwavusha mafundi, nadhani, au kwa mpishi wao. Angeuliza walikula nini usiku wa kuamkia urushaji, nani alikataa kulala, na mshahara ulikuwa shilingi ngapi.