Karatasi ya Damu

Mwaka 2021 nilikwenda hospitali kumtolea damu mke wa mwanangu, aliyekuwa akingoja kupasuliwa. Damu yangu haikupokewa. Nilipewa karatasi isemayo kwamba nimeonekana na kingamwili za homa ya ini aina ya C, wala hapakuwa na mtu wa kunieleza maana yake.

Ndugu msomaji, nilirudi nyumbani miguu ikinilegea. Nikajitenga na siniya, nikatenga kikombe changu, nikawapa watoto wa chuo ruhusa bila ya kuwaambia sababu. Mjukuu wangu akauliza babu amemkasirikia nani. Siku 19 nilikula peke yangu chumbani, na yote hayo yalikuwa ya bure, kwani maradhi haya huenezwa kwa damu, wala hayapiti katika chakula wala katika kikombe.

Mwishowe mke wangu akanipeleka kwa daktari mwingine, binti wa umri wa wanangu. Akaniuliza, “Maalim, ukikuta nyayo za mwizi uani, utajuaje kuwa yungali ndani?” Nikamjibu kwamba sina budi niingie nitazame. Akasema kingamwili ndizo nyayo. Mwili huzitengeneza ukutanapo na kirusi, nazo hubaki miaka mingi hata kirusi kikiwa kimetoweka. Na katika kila watu 100 walioambukizwa aina hii, baina ya 15 na 45 hupona wenyewe katika miezi 6, bila ya dawa. Kwa hiyo hutakiwa kipimo cha pili, kinachokitafuta kirusi chenyewe katika damu. Kikionekana, viko vidonge vya kumezwa majuma 8 au 12, viponyavyo zaidi ya watu 95 katika 100.

Nami nikidhani aina zote ni hali moja! Kumbe katika aina ya B kinachotazamwa kwanza ni kipande cha ganda la kirusi chenyewe; kikikaa damuni kupita miezi 6, maradhi yamekuwa sugu. Ama kingamwili za ganda hilo ni bishara njema, na hata aliyechanjwa huwa nazo.

Jibu langu la pili lilitoka baada ya juma moja: kirusi hakimo, Alhamdulillahi. Nyayo zingalipo, na nikaambiwa kwamba damu yangu haitapokewa tena kwa mgonjwa yeyote. Jioni ile nikarudi kwenye siniya. Mjukuu wangu akanisogezea kipande cha samaki, akaniuliza kama hasira zimekwisha.