Gari la Japani na Gari la Kijapani: Tafakuri Juu ya Uhalisi Katika Gereji za Kang'ata

Kiunganifu -a ni miongoni mwa mofimu za Kiswahili zinazobebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Maziwa ya ng'ombe yametoka kwa ng'ombe, ilhali maziwa ya mtoto yanakwenda kwa mtoto. Pete ya dhahabu imefuliwa kwa dhahabu, na pete ya bibi ni mali yake. Msikilizaji huyapambanua mahusiano hayo kwa ujuzi wake wa mambo ya dunia, wala si kwa msaada wa sarufi, na kwa kawaida hapatokei madhara yoyote. Katika biashara ya magari yaliyokwisha kutumika madhara hutokea. Kirai ninachokusudia kukijadili hapa nimekisikiliza kwa miaka mingi kila niendapo likizo kwetu Kang'ata, wilayani Handeni: gari ya Japani. (Kwa mujibu wa kanuni za usanifu ingepasa kuwa gari la Japani, nami nitaandika hivyo, lakini sijapata kumsikia fundi wa Handeni akisema gari la.)

Mtu aweza kudhani kwamba gari la Japani ni lile lililotengenezwa Japani. Mafundi wa Kang'ata hawasemi hivyo. Pikapu mpya aina ya Hilux iliyoundwa Durban, Afrika Kusini, hawaiiti ya Japani, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hata Land Cruiser ile ngumu, maarufu kwa jina la mkonga, ambayo imeundwa Japani kwelikweli na kuletwa ikiwa mpya kwa ajili ya mradi fulani, nayo huitwa gari la mradi au la shirika. Wakati huohuo kigari kidogo aina ya Vitz, kilichochakaa viti, chenye harufu ya sigara ya mtu asiyejulikana, husifiwa kuwa ni cha Japani kabisa. Kwa hiyo uhusiano unaobebwa na -a katika matumizi yao si wa asili. Ni ule wa maziwa ya mtoto: gari hili liliundwa kwa ajili ya Wajapani, na likatumiwa na Wajapani wenyewe.

Inavutia kuona kwamba maana hiyo ndiyo hasa iliyomo katika zile herufi tatu, JDM, ambazo vijana huzibandika kwenye vioo vya magari yao. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya soko la ndani la Japani. Fundi ambaye hajapata kuzifafanua amefika palepale kwa njia ya kiunganifu.

Dalili za gari la namna hiyo zinajulikana. Saa ya mwendo inaishia kilomita 180. Namba ya fremu ni fupi, huanza na alama za aina ya gari kisha kistari, tofauti na ile ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayopatikana katika magari ya masoko mengine. Ukiwasha injini, sauti ya mwanamke inakuarifu kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Nimewahi kusafiri kutoka Korogwe hadi Handeni na dereva aliyeijibu sauti hiyo kwa heshima kila tulipoondoka kituoni. Redio nayo imetengenezwa kwa masafa ya Japani, kuanzia megahezi 76 hadi 90, hivi kwamba stesheni zetu nyingi, ambazo hufika hadi 108, hazisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kugeuza masafa. Na kwenye kioo cha nyuma kuna stika ndogo ya mviringo iliyokuwa ikithibitisha kwamba mwenye gari alikuwa na mahali pa kuliegesha. Japani yenyewe iliacha kuitoa stika hiyo mwaka 2025. Kwetu haibanduliwi.

Majina nayo yamefuata mkondo huohuo. Jina Vitz lilikuwa la soko la Japani; Ulaya gari hilo liliuzwa kwa jina la Yaris, na mwaka 2020 Japani nayo ikaliacha jina la kwanza na kushika la pili. Kwa hiyo mkulima wa Kang'ata anatumia kila siku neno ambalo mnunuzi wa Ulaya hakulihitaji kamwe na ambalo Mjapani amekwisha kuliweka kando.

Tukija kwenye -a Kijapani, hali ni tofauti. Kiambishi ki- katika neno hili huonyesha namna, kama katika kuvaa kizungu au kula kienyeji. Gari la Kijapani, kwa vijana ninaowazungumzia, ni gari lililotengenezwa upya likafanana na yale wanayoyaona katika picha: rimu pana, bampa ya mbele iliyoshuka, taa nyeusi. Hapa ndipo barabara inapoingilia kati. Mtindo wa Kijapani unadai gari lishushwe. Makorongo ya vijijini Handeni yanadai linyanyuliwe. Matokeo yake ni Mark II yenye bampa ya mashindano, lakini imewekewa spesa juu ya shokapu hadi mbuzi anapita chini yake bila kuinama. Wapo wanaolicheka gari hilo. Mimi naliona kuwa ni sentensi yenye sarufi kamili: msamiati ni wa kukopa, sintaksia ni ya Kizigua.

Aidha, anayedhani kwamba uhalisi wa kweli unapatikana huko magari yanakotoka hana budi kukumbuka kuwa wapo vijana Japani wanaotafuta kwa bidii bampa na taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ili wazifunge kwenye magari yao ya Kijapani. Huko Marekani nako, ambako sheria ya mwaka 1988 imezuia kwa jumla gari la kigeni lisiloafiki kanuni zao kuingizwa mpaka litimize miaka 25, usukani wa kulia ni johari ya kutamaniwa. Kwetu ni usukani tu.

Suala hili lingebaki kuwa la darasani kama mpwa wangu asingeuza Mark II. Mnunuzi alikuwa mkulima aliyelipa kwa fedha ya mahindi ya misimu miwili. Baada ya mwezi akagundua kwamba bampa ilikuwa ya fiba, imetengenezwa Dar es Salaam. Kwamba rimu, zenye maandishi ya Kijapani, zilitoka China. Na kwamba stika ya kioo cha nyuma ilibanduliwa kutoka kwenye Noah iliyokufa. Akadai arudishiwe fedha yake. Shauri likafika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wazee.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia mbele yao, "gari ni ya Japani. Hivyo vingine havikuja nayo, lakini gari yenyewe imetoka Japani."

Wazee wakanitaka niseme, kwa kuwa ndiye ninayefundisha maneno. Katika desturi ya Wazigua ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba hategemewi kusimama upande wa pili. Nilieleza tofauti ya -a Japani na -a Kijapani kama nilivyoieleza hapo juu. Mzee mmoja akanikatiza.

"Mwalimu, bampa na rimu ni nguo. Mtu akivaa kanzu hatusemi ametudanganya kuwa ni Mwarabu. Lakini ile stika ni cheti. Huyu kijana amempa huyu bwana cheti cha gari nyingine. Ndivyo, sivyo?"

Nikasema ndivyo. Sijapata kusoma maelezo mafupi zaidi ya tofauti baina ya ishara inayofananisha na ishara inayoshuhudia, na semina kadhaa nilizohudhuria zingefaidika naye. Mpwa wangu aliamriwa arudishe laki tatu. Dada yangu hakusema nami mpaka mavuno yaliyofuata.

Mpwa wangu alijitolea pia kuibandua stika ile, bila malipo. Mnunuzi akakataa. Alisema siku atakapotaka kuliuza gari hilo, bila stika hakuna atakayelinunua.