Vidole vya Baba na Garimoshi la Bati

Baba alilipapasa garimoshi langu kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha akalirudisha mezani na kusema, "Mwanangu, hili si letu."

Ndugu msomaji, kazi ile ilikuwa imenigharimu jioni za miezi mitatu. Baba yangu aliwahi kuwa mtia moto katika Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, akifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, mpaka shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 naye akarudi nyumbani. Leo anaishi nasi hapa Temeke. Presha ya macho imemwondolea nuru yote, na kutwa hukaa barazani bila neno. Nikafikiri nimtengenezee garimoshi la kushika mkononi. Nilikata mabati ya makopo, nikaomba vipande vya mbao kwa mafundi samani wa Keko, nikaigiza picha niliyoikuta katika kitabu cha watoto.

Makosa yangu aliyataja moja baada ya jingine. Nyuma ya injini nilifunga behewa la makaa, na juu yake nikagundisha chembe za mkaa wa kweli. Hapo alicheka mpaka akakohoa. "Makaa ya nini? Sisi tulichoma mafuta!" Akaingiza kidole katikati ya reli mbili, akatikisa kichwa. "Na njia hii ni pana mno. Labda ni ya treni ya umeme ya siku hizi."

Niliona haya, nakiri. Si kwa sababu ya behewa, bali kwa kuwa nimefikia umri wa kuwa na wajukuu na sikuwahi kumwuliza baba yangu alikuwa akitia nini katika moto ule.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake. Kila jioni, daftari mkononi, niliuliza naye akajibu. Na mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hasemi zaidi ya salamu, sasa mama alilazimika kumkumbusha kula. Alinieleza kwamba injini zao zilikuwa Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Uzito wake ulizidi tani 250. Hapakuwa na injini ya mvuke nzito kuliko hizo katika njia yoyote ya upana wa mita moja duniani. Alinieleza pia jinsi mtia moto alivyorusha mchanga ndani ya tanuri ili ufyonzwe na kusugua masizi katika mabomba, na moshi mweusi uliofuata ukawaudhi akina mama walioanika nguo kando ya njia.

Lakini vipimo hakuvikumbuka, nami sikutaka kubuni tena. Mwaka jana nikapanda basi hadi Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ziko mbili pale za daraja hilo. Moja inaitwa Mount Gelai. Ya pili ni namba 5930, Mount Shengena, na Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, kwetu. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kisha nikatoa futikamba na kuanza kazi.

Kila sentimita 50 za kweli niliziandika kuwa sentimita moja. Kwa hesabu hiyo, njia ya mita moja inakuwa sentimita 2. Injini, yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 31, inakuwa sentimita 63. Gurudumu la kusukuma, mita 1 na sentimita 37, halifiki hata sentimita 3. Ndiyo maana vifuniko vyangu vya soda vilionekana vikubwa. Na magurudumu yenyewe ni 28, kati yake 16 ya kusukuma. Mimi nilikuwa nimeweka kumi.

Jambo lililonifunza zaidi ni umbo lake. Tangi la maji limekaa juu ya kundi la magurudumu la mbele, mafuta juu ya kundi la nyuma, na bila ya injini inaning'inia katikati kama daraja. Kwa kuwa chini ya bila hiyo hakuna magurudumu, inaweza kuwa nene, na tanuri lake kuwa la kina. Kila kundi la magurudumu hugeuka peke yake, ndipo jitu refu kiasi kile likaweza kupita kwenye kona. Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyelibuni, akapata hataza mwaka 1907. Garimoshi langu la kwanza nilikuwa nimelipigilia misumari juu ya ubao mmoja, na kila lilipofika kwenye kona ya meza lilianguka. Nililaumu reli bure.

La pili limechukua miezi saba. Nililiweka mbele yake Jumapili moja baada ya chai. Vidole vyake vilianza na tangi la mbele, vikahesabu magurudumu polepole, vikafika kwenye maungio, naye akalisukuma kwenye kona. Halikuanguka. Alipofika ubavuni akazigusa herufi nilizozichonga, moja moja, mpaka akamaliza jina. Hakusema kitu kwa muda.

Kisha akauliza mlango wa tanuri uko wapi, maana alikuwa amepapasa kote na hakuuona. Nikamwambia umefunikwa na paa la chumba cha dereva. Akaniambia niling'oe. Nikaling'oa, naye akaingiza kidole ndani, akakiacha humo huku akimsimulia mjukuu wangu habari za mchanga. Paa hilo sijaligundisha tena mpaka leo.