Fundisha kwa Kusahihisha

Mpwa wangu mpendwa,

Habari zimenifikia kwamba chuo kimekukabidhi masomo mawili ya kufundisha mtandaoni, sosholojia na kriminolojia, kwa mkataba wa muda. Hongera sana. Unasema umekwisha kununua kipaza sauti na taa ili urekodi mihadhara yote kabla muhula haujafunguliwa, na unaniuliza kama umeanza vizuri. Nia yako ni njema, ila nguvu unazielekeza mahali ambapo hazitazaa sana. Ushauri wangu ni mmoja, na barua yote hii ni ya kuutetea: katika masomo haya mawili, na hasa mtandaoni, mwalimu hufundisha zaidi anaposahihisha kuliko anapohutubia. Mihadhara yako iwe mifupi, na yale unayoandika pembeni mwa kazi za wanafunzi yawe ndiyo somo lenyewe.

Sababu ya kwanza imo katika asili ya masomo yenyewe. Mwanafunzi wa kemia haji darasani akiwa na msimamo kuhusu asidi. Wa kriminolojia anakuja na msimamo umekwisha kukomaa: mwizi ni mvivu, mke anayepigwa naye ana lake, na adhabu ikiwa kali uhalifu utakoma. Msomee nadharia ya Robert Merton ya mwaka 1938, kwamba jamii inaweza kumhimiza kila mtu atafute mafanikio huku njia halali za kuyafikia zikiwa wazi kwa wachache tu. Ataiandika, ataikariri kwenye desa, ataijibia mtihani na kupata alama nzuri. Siku ya pili yake kijana akipigwa na umati kwa tuhuma za kuiba simu, utamsikia mwanafunzi yuleyule akisema kijana amejitakia. Imani ya namna hii haiondoki kwa kuambiwa. Hutikisika pale mwenye nayo anapolazimika kuiandika, kuitolea ushahidi, kisha akajibiwa na mtu aliyeisoma kwa makini.

Chukua mfano wa sentensi utakayokutana nayo mapema: “Uhalifu mwingi mjini husababishwa na vijana wasio na kazi wanaoshinda vijiweni.” Usiipige mstari mwekundu ukaandika “si kweli”, maana hapo utakuwa umeweka amri mahali pa hoja. Muulize maswali matatu. La kwanza, umejuaje? Kama ni kwa kuwa hao ndio wanaokamatwa, basi akumbuke kwamba sheria za uzururaji tulizorithi kwa wakoloni zilimruhusu askari kumkamata mtu kwa hali aliyonayo, hata kama hakuna tendo alilolifanya. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Idadi ya waliokamatwa, basi, inapima uhalifu, au inapima doria zinapita mtaa gani? Swali la pili, nani hayumo katika hesabu hiyo? Mwaka 1939 Edwin Sutherland aliwahutubia wanasosholojia wenzake wa Marekani na kuwaambia kuwa nadharia zao zimejengwa juu ya makosa ya maskini, huku makosa ya wenye vyeo na makampuni yakiachwa nje. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1949, majina ya makampuni yalikuwa yameondolewa kwa hofu ya kesi, na toleo kamili halikuchapishwa hadi 1983. Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: ni ushahidi gani ungekufanya ukubali kwamba umekosea? Mwanafunzi akiyajibu maswali hayo katika ukurasa mmoja, amejifunza sosholojia kuliko aliyesikiliza rekodi kumi.

Hoja ileile inahusu takwimu, ambazo ni moyo wa kriminolojia. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 40 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Mpe mwanafunzi tarakimu hiyo, kisha mwambie afikirie kituo cha polisi ambacho zamani hakikuwa na dawati la jinsia na watoto na sasa kimepata. Mwaka unaofuata kesi za ukatili zilizoandikishwa zinaongezeka. Je, ukatili umeongezeka, au watu wamepata pa kuusemea? Wengi watajibu haraka kwamba hali imekuwa mbaya. Wakati huo ndipo maoni yako ya sentensi mbili yanapofanya kazi ambayo mhadhara hauwezi: unamwonyesha mahali halisi, katika aya yake mwenyewe, aliporuka kutoka “kesi zilizoripotiwa” hadi “matukio yaliyotokea”. Kosa hilo hufanywa na magazeti na hata wanasiasa, na atakayelikamata mara moja katika maandishi yake ataliona popote.

Sitaki uyachukue haya kwa sababu tu yametoka kwa mkubwa wako. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Waliomaliza katika mwaka wa 2017–18 walikuwa takriban 3 kwa kila 100 walioandikishwa, ingawa video zao zilitengenezwa na vyuo vyenye fedha ambazo wewe na mimi hatutaziona. Utaniambia kwamba wengi wa wale walijiandikisha bure, kwa udadisi tu, na kwamba wanafunzi wako wanalipa ada. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana sisemi kwamba rekodi huwafukuza watu. Ninachosema ni kwamba ubora wa rekodi peke yake haumshiki mtu ambaye hakuna anayemsubiri. Kuhusu maoni yenyewe, upo utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 uliofanywa kwa watoto wa shule huko Israeli. Waliopewa maoni bila alama walifanya vizuri zaidi baadaye, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika kama wao, kwani jicho hukimbilia alama na kuyaacha maneno. Watu wazima si watoto, najua, lakini mwanachuo anayefungua kazi yake kwenye simu naye huangalia namba kwanza. Basi toa maoni leo, na alama uitoe baada ya yeye kukujibu.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uchungu, nalo ni malipo. Mhadhiri wa muda mara nyingi hulipwa kwa saa za vipindi, na kusahihisha huchukuliwa kuwa ni sadaka. Utauliza: kwa nini nifanye kwa bidii kazi nisiyolipwa? Sikutumi ujiumize. Nakushauri uhamishe saa, usiongeze. Kurekodi mhadhara wa saa moja, kuuhariri na kuupandisha hula siku nzima. Rekodi dakika 15 za wazo moja, na muda uliobaki uuweke kwenye kusoma. Fanya hesabu kabla ya kuahidi: darasa la watu 120, dakika 3 kwa kila mmoja, ni saa 6. Kazi ya ukurasa mmoja kila baada ya wiki tatu inawezekana, kila wiki haiwezekani. Soma kwanza kazi 20, uyaorodheshe makosa yanayojirudia, uyaandikie darasa zima barua moja, kisha kila mwanafunzi umpe sentensi mbili za kwake peke yake. Vilevile zungumza na mkuu wa idara kabla ya kutia saini, uombe saa za kusahihisha ziandikwe kwenye mkataba. Wakikataa, punguza idadi ya kazi na uwaambie wanafunzi wazi kwamba zitakuwa chache. Si vizuri kuwaahidi maoni ya kina halafu ukawapa alama ya vyema iliyopigwa usiku wa manane.

Utasema pia kwamba siku hizi kazi huandikwa na akili mnemba, kwa hiyo utakuwa unaisahihisha mashine. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini inaukabili zaidi mtindo wa zamani kuliko huu ninaokupendekezea. Swali la “eleza nadharia ya Merton” hujibiwa na mashine kwa sekunde chache, na limekuwa likijibiwa na desa tangu zamani. Swali la “chukua habari moja ya uhalifu iliyotoka wiki hii, uonyeshe ni nani aliyehesabiwa na nani aliyeachwa” linamtaka mtu aangalie alipo. Hata akisaidiwa kuandika, mwambie akutumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili akitetea swali la tatu, lile la ushahidi ambao ungembadilisha mawazo. Asiyeielewa kazi yake hawezi kuitetea, na sauti ya dakika mbili haimalizi bando.

Liko jambo moja ambalo lazima uliwekee mipaka, na hapa usilegeze. Katika darasa la kriminolojia wamo askari na askari magereza wanaojiendeleza, wenye ndugu gerezani, na waliodhulumiwa ambao hawajamwambia mtu. Darasani neno likisemwa hupita. Mtandaoni hurekodiwa, hupigwa picha ya skrini, na jioni limeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kwa hiyo mazoezi yako yatumie taarifa zilizochapishwa, hukumu za mahakama na habari za magazeti. Usimtume mwanafunzi akawahoji wauza bangi wala akapige picha vijiwe ili apate alama. Kataza majina ya watu wa kweli ambao hawamo katika taarifa za hadharani, usirekodi kipindi cha majadiliano, na mwanafunzi akikuandikia kwamba yaliyomo katika somo yamempata yeye, mjibu faragha, umwelekeze kwa washauri wa chuo au kwenye dawati la jinsia. Usijifanye mwanasheria wala tabibu wake. Hii nayo ni hoja ya kupendelea maandishi yanayosomwa na mwalimu peke yake kuliko mjadala wa wazi wa watu 120.

Usidhani nakudharaulia mhadhara. Darasa linahitaji kusikia sauti yako, na wapo watakaoelewa kwa kusikiliza kabla ya kusoma. Ila mkataba wako ni mfupi na nguvu zako zina kikomo, na usipochagua mwenyewe pa kuziweka, ratiba ya chuo itakuchagulia. Kwa hiyo wiki hii iache ile taa ndani ya boksi. Andika swali la kazi ya kwanza, ulijibu wewe mwenyewe katika ukurasa mmoja, kisha unitumie vyote viwili. Nami nitakusahihishia kama ninavyotaka uwasahihishie wao: maoni kwanza, alama baadaye.



Ni mimi mjomba wako akupendaye.