Panga langu na migomba ya bibi

Najua nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kazi, mmoja akauliza kama nimeoa. Kazi sijaacha, na kuoa bado. Nilikwenda nyumbani Kiruruma, Karagwe, na niliyoyakuta huko yamenikaa kifuani. Leo nayatoa.

Nianze Desemba. Kama ilivyo kawaida, nilikwenda kula sikukuu na bibi yangu, yule aliyenilea. Jirani mmoja alikuwa na harusi, basi vijana tukaitwa kumsaidia kukata ndizi za kutengenezea pombe. Nikachukua panga, nikafanya kazi tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Niliporudi sikupumzika. Nikaingia kwenye kibanja cha bibi, nikakata majani makavu na kupunguza machipukizi mstari mzima, kwa panga lile lile. Bibi akanisifu, akasema kumbe Dar haijaniharibu mikono. Na mimi nikavimba kichwa kweli kweli.

Februari akanipigia simu. Hakulia wala hakueleza mengi. Alisema tu, "Mjukuu wangu, njoo uone."

Nilipofika, sikuhitaji kuambiwa. Majani yamegeuka manjano na kulala kama mwavuli uliovunjika. Mkungu mmoja ulikuwa umeiva kabla ya siku zake, na ndizi zake ukizikata ndani zina rangi ya kahawia. Bwana shamba akakata shina, tukasubiri dakika chache, ukatoka ute wa manjano. "Mnyauko," akasema. Kisha akauliza swali ambalo sitalisahau: "Nani alipogoa hapa?"

Bibi akatazama pembeni. Nikasema, "Ni mimi."

Alinieleza taratibu bila kunigombeza. Ugonjwa ukiletwa na nyuki na wadudu wengine, huanzia kwenye ua dume, kwa sababu ndiko wanakofuata utamu. Ukiletwa na panga, majani ndiyo hutangulia kunyauka. Kwa bibi maua dume mengi yalikuwa mazima. Na migomba iliyonyauka ilijipanga mstari mmoja, mstari wangu.

Kwa wasiojua maisha ya kwetu, kibanja si shamba la kwenda na kurudi. Nyumba imo ndani yake, kahawa na maharage yamo chini ya migomba, na kaburi la babu liko humo humo. Bibi akiamka, chakula chake kiko hatua kumi kutoka mlangoni, na mkungu wa kuuza ndiyo sabuni, chumvi na daftari za watoto.

Sasa nikiri jambo la pili. Miaka michache nyuma niliwahi kuandika habari ya mnyauko gazetini. Niliandika kwamba ugonjwa "wavamia" vijiji, kana kwamba ni jeshi linalotembea lenyewe usiku. Safari hii nikaamua kusoma vizuri: hivi huyu bakteria anatembeaje?

Nilichojifunza kilinishangaza. Anayefahamika zaidi kwa mwendo ni Escherichia coli, yule anayeishi utumboni mwetu. Ni mdogo kiasi kwamba ukiwapanga 500 kichwa kwa mkia ndipo unapata milimita moja. Mwaka 1972 huko Marekani, Howard Berg na Douglas Brown walitumia darubini inayomfuata bakteria mmoja anapoogelea, wakaona mtindo wake: anakwenda moja kwa moja kama sekunde moja, anapinduka, kisha anaelekea upande mwingine wowote. Hana macho. Mwili wake ni mdogo mno kuweza kulinganisha utamu wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo anaonja maji sasa, na kulinganisha na alichoonja sekunde chache zilizopita. Mambo yakiwa yanazidi kuwa mazuri, hachelewi kuendelea na safari ile ile. Yakiharibika, anapinduka mapema na kujaribu njia nyingine. Kwa kubahatisha huko anafika kwenye chakula.

Huyu wa migomba, wa ukoo wa Xanthomonas, ana mkia mmoja tu unaozunguka kama pangaboi la boti, na ukoo wake nao una vionjo vya namna hiyo. Penye kidonda kibichi chenye maji ya mgomba, vinamtosha. Akishaingia kwenye mishipa ya maji, anazaliana mpaka mgomba unakauka huku udongo una unyevu.

Lakini fanyeni hesabu kama nilivyofanya mimi. Tuseme anaogelea kwa kasi ya E. coli, bila kupinduka na bila kupumzika. Kilomita moja ingemchukua zaidi ya mwaka. Sasa, ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu Ethiopia mwaka 1968. Uganda ulionekana Mukono mwaka 2001. Kwetu Kagera uliripotiwa mwaka 2006, wilayani Muleba. Kutoka Mukono hadi Muleba ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Kwa kuogelea angehitaji zaidi ya miaka 300. Alifika kwa mitano! Nani alimbeba? Wadudu, ndiyo. Lakini pia machipukizi tunayogawiana, mikungu kwenye malori, na mapanga kama langu.

Kwa hiyo neno "wavamia" nalifuta. Yeye anatembea milimita. Kilomita tunamtembeza sisi.

Dawa ya kuuponya mgomba haipo. Lakini habari si mbaya yote. Bakteria huyu mara nyingi hafiki kwenye machipukizi yote ya shina moja, ndiyo maana siku hizi wataalamu wanashauri kukata mgomba unaougua peke yake, chini kabisa, na kurudia kila unapoonekana mwingine. Tulikata 11. Ua dume tunalivunja kwa mti wenye panda, siyo kwa panga, mara chana ya mwisho inapotokea. Na panga linapita kwenye moto, au kwenye maji yenye Jik, kabla ya kugusa shina jingine.

Siku ya kuondoka nilimwomba bibi msamaha. Akasema, "Hukujua, baba. Sasa umejua." Kisha akanikabidhi panga na kuniambia nikalichome kwanza, kuna majani ya kukata kabla basi halijapita Omurushaka.

Nyinyi mnaokwenda nyumbani likizo, Kagera, Kivu au Uganda, mkitaka kuonekana wajukuu wema, anzieni jikoni kwenye moto. Na kama nawe umewahi kubeba kitu usichokiona, niandikie. Nisijione peke yangu.