Safari ya Siku Moja

Macho ya babu yalikuwa yakififia, naye alitamani kuliona Bonde la Ufa kabla hayajafumba kabisa. Basi Jumamosi moja tulitoka Nairobi alfajiri, tukapita Limuru. Hata tulipofika ukingoni, ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote. Mlima wa Longonot haukuonekana. Nilijilaumu, maana safari ile nilikuwa nimeiahirisha miaka miwili.

Tukateremka kwa barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kando yake walijenga pia kanisa dogo mno, mwaka wa 1942. Babu aliingia, akapapasa mawe ya ukuta polepole.

"Watu hawa," akasema, "walikuwa mbali na kwao."

Tulipotoka, ukungu ulikuwa umeondoka.

"Mlima uko wapi?" akaniuliza.

Nikamshika mkono, nikauelekeza ulikokuwa mlima.